Taya la Mti Mbichi

Mulwa hakumpiga mkewe kwa makali. Hilo alilisema baadaye mara nyingi, kama mtu anayesimulia wema wake: kwamba aliligeuza tezo hewani, akapiga kwa kisigino. Lakini kisigino cha tezo la wachongaji wa kijiji cha Wamunyu ni chuma cha pembe nne, kimefuliwa kutoka kwa springi ya lori, na kilipotua kwenye taya la Ndinda, Syokau alisikia mlio anaoujua. Ni mlio wa gogo la muhugu linapopasuka ndani kabla ufa haujatokea nje.

Syokau, mama yake Mulwa, alikuwa ameketi hatua tatu kutoka hapo, akimpiga msasa swala wa mbao. Alimweka swala chini taratibu, asivunjike pembe. Ndipo akainuka.

Ndinda alikuwa amelala juu ya mabaki ya mbao. Mtungi wa maji aliokuwa ametoka kuutua mgongoni ulikuwa umepinduka, maji yakipita chini ya shavu lake na kutokea upande wa pili yakiwa mekundu. Mdomo ulikuwa wazi na haukuwa mahali pake. Upande wa kulia ulikuwa wa Ndinda. Upande wa kushoto ulikuwa wa mtu mwingine.

"Simama," Mulwa alisema, huku akihema. "Simama uongee sasa. Si wewe ndiye uko na mdomo?"

Mdomo huo ndio uliokuwa kosa. Asubuhi hiyo Rashid, mwenye duka la vinyago huko Machakos mjini, alikuwa amekuja kuchagua mali. Alishika kinyago kimoja cheusi ti, akamuuliza Ndinda aliyekuwa anaingia na maji ya bwawani, "Mama, hii ni mpingo kweli?" Naye Ndinda akamjibu bila hata kusimama, "Mpingo utoke wapi huku? Hiyo ni jakaranda na rangi ya viatu. Ukiishika na jasho itakuharibia kanzu." Rashid alicheka mpaka akakohoa. Akanunua miiko, akaviacha vinyago kumi na viwili pale pale juu ya gunia. Mulwa alicheka pamoja naye, akamsindikiza hadi kwenye gari, akampungia mkono. Kisha akarudi.

"Umemuua," Syokau alisema.

"Hajafa. Si unaona anapumua?"

Syokau alipiga magoti, akatia vidole mdomoni mwa mkamwana wake, akatoa meno mawili na donge la damu ili hewa ipite. Halafu akasema neno ambalo alikuja kulikumbuka kila siku ya maisha yake.

"Hilo tezo. Lioshe."

Walimweka ndani wiki tatu. Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili, mwaka wa ukame, na kila mtu alikuwa na shida zake, hakuna aliyebisha hodi. Syokau alilifunga lile taya kwa leso, akalikanda kwa maji ya chumvi, akamnywesha Ndinda uji kupitia pembeni mwa mdomo. Wanawake wa bwawani walipouliza, aliwaambia ni matubwitubwi.

"Matubwitubwi kwa mtu mzima?" mmoja wao, Kalekye, aliuliza. "Na mbona yamemshika siku ile ile Mulwa alipopiga kelele?"

"Chota maji yako uende, Kalekye."

Wiki ya tatu shavu lilitoboka lenyewe. Usaha ulitoka, na harufu yake ilimfanya Mulwa ahamie kulala kwenye kibanda cha kuchongea. Siku moja Ndinda alikohoa ndani ya kikombe cha uji, na kikombe kikalia kama kimetupiwa shilingi. Syokau alitia vidole, akatoa kipande cha mfupa, cha kijivu, kina matundu kama mti ulioliwa na wadudu. Wanawake hao wawili walikitazama. Ndinda alimtazama mama mkwe wake, na macho hayo yalimtosha Syokau kuuza mbuzi asubuhi iliyofuata na kumpeleka Machakos.

Daktari wa mataya alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, Zuleha Ismael, mzaliwa wa pale pale mjini, aliyeongea Kikamba kama aliyenyonyeshwa nacho. Aliuliza kilichotokea.

"Punda," Syokau alisema. "Punda wetu wa maji. Alimpiga teke."

Daktari alilishika shavu la Ndinda, akaligeuzia dirishani. Alama ilikuwa bado ipo juu ya ngozi, ndogo, ya mraba.

"Huyo punda wenu, mama, ana kwato za pembe nne?"

Syokau alijifunga leso upya. Daktari aliandika neno kwenye faili, akaweka alama ya kuuliza mbele yake, halafu akaandika mengine mengi ambayo Syokau hakuweza kuyasoma.

Walimpasua kesho yake. Mfupa uliooza ulitolewa wote, na daktari alimwonyesha Syokau ndani ya bakuli la chuma: vipande saba, vikinuka. Meno ya juu na ya chini yakafungwa pamoja kwa waya ili kilichobaki kisitembee. Kwenye nafasi ya meno yaliyong'oka ukapitishwa mrija. Basi Ndinda akawa mtu wa kunyonya uji kwa mrija, na shavu la kushoto likazama ndani kama hema lililoondolewa mti.

Siku ya pili akaja askari mwenye daftari. Daktari ndiye aliyemwita, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, alikuwa amekwisha kuijaza upande wake. Askari alivuta kiti.

"Haya mama, nani alikupiga?"

Ndinda aliguna ndani ya waya. Akauinua mkono polepole, akanyoosha kidole hadi miguuni mwa kitanda, pale Syokau alipokuwa ameketi kwenye benchi.

"Ni huyu mama alikupiga?"

Ndinda akatikisa kichwa, hapana. Lakini kidole hakukishusha. Syokau alihisi kama kimegusa kifua chake. Alielewa. Askari hakuelewa, au hakutaka kuelewa; akafunga daftari.

"Mimi siandiki kidole, wala siandiki kichwa. Kortini wanataka maneno. Akiongea, niiteni."

Baada ya siku chache daktari alimwita Syokau katika chumba kidogo, akatundika picha ya mifupa mbele ya taa. Katikati ya picha palikuwa na duara jeupe.

"Unaona hiki? Ni gololi ya baiskeli. Nilimwekea mdomoni tulipopiga picha. Gololi yenyewe nimeipima, ni milimita tano. Kwenye picha imetoka sita na zaidi. Picha hudanganya, mama, inakuza kila kitu. Kwa hivyo ninapima pengo la mfupa, halafu ninaondoa ule uongo." Alipitisha kalamu juu ya sehemu nyeusi. "Kuanzia hapa hadi hapa hakuna mfupa. Sentimita sita kasoro kidogo."

"Sasa atakaa hivyo?"

"Hapana. Nitakata mfupa kwa nyonga yake, nijaze hapa. Lakini lazima ushikwe na chuma, na chuma kipinde vile taya linavyopinda. Nikikipinda akiwa amelala na dawa, mdomo wazi, nitachukua masaa mawili na damu inatoka. Nataka nikipinde siku moja kabla, juu ya taya la mfano." Alivitazama vidole vya Syokau, ambavyo msasa wa miaka thelathini ulikuwa umevilamba mpaka havikuwa na alama. "Mnatoka wapi?"

"Wamunyu."

"Ala! Na mimi ninahangaika. Nichongeeni taya."

Alimpa taya la plastiki la kufundishia wanafunzi, kwa ajili ya umbo. Kwa ajili ya vipimo, kwa kuwa Syokau hakujua kusoma namba, alikata spoki tatu za baiskeli kwa koleo. Fupi, yenye uzi mwekundu, ilikuwa pengo lenyewe. Ya kati ilikuwa kutoka pembe ya taya hadi kidevuni. Ndefu ilikuwa kutoka bawaba ya taya karibu na sikio moja hadi bawaba ya upande wa pili.

"Hii ndefu ndiyo usicheze nayo. Ikipungua, chuma kitavuta taya upande. Mdomo hautafunguka. Atanyonya uji mpaka azeeke, na hataongea maneno ya kusikika. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa, daktari."

"Upasuaji ni wiki tatu kutoka leo."

Mulwa alikuwa na mkono ambao hata wanaomchukia waliusifu. Swala wake walikuwa na mishipa miguuni. Kwa hivyo Syokau hakuwaza mara mbili. Alifika nyumbani, akaweka zile spoki na taya la plastiki mbele ya mwanawe, akamweleza yote.

Mulwa aliuliza jambo moja tu.

"Akipona ataongea?"

"Daktari amesema ataongea."

"Kama zamani?"

"Kama zamani."

Mulwa alilizungusha taya la plastiki mkononi, akalitazama meno. "Sawa, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Nitamchongea."

Alilimaliza kwa siku mbili, na lilikuwa zuri. Upande mzima aliufuata, akaugeuza kwa jicho tu na kuuchonga wa pili, kama vile wachongaji wa Wamunyu wanavyopata sikio la kushoto la ndovu kutoka kwa sikio la kulia. Syokau alilipiga msasa kidogo, akapima kwa spoki. Fupi ilikaa. Ya kati ilikaa. Ndefu ilitoka bawaba hadi bawaba bila kuzidi hata unywele. Alilifunga kwa leso, akaliweka chini ya kitanda, na kabla ya kulala alijiambia kwamba mwanawe anajuta.

Siku ya sita alilitoa ili amalizie kwa msasa laini. Mara tu alipolishika, mikono ilimwambia. Lilikuwa jepesi. Aliweka spoki ndefu kati ya bawaba mbili, na spoki ikatokeza upande mmoja, nusu ya upana wa kidole kidogo. Akadhani ameiweka vibaya. Akaiweka tena. Ikatokeza tena. Akalisugua kidogo mahali palipokuwa pamefichika chini ya kidevu, akanusa. Utomvu.

Wamunyu kila mtu huchonga mti mbichi, kwa sababu muhugu ukikauka huvunja matezo. Lakini anayechonga mbichi huacha nyama. Mguu wa swala huachwa mnene, sikio huachwa nene, kisha kinyago hukaa kivulini wiki kadhaa kinywee, ndipo kiletwe kwenye kipimo chake. Hakuna asiyejua hilo; Syokau naye alilijua, ila siku ile aliamini spoki. Mulwa alilijua kabla hajajua kufunga viatu. Na kwenye taya hili hakuwa ameacha nyama hata kidogo.

Alimkuta kibandani akichonga twiga.

"Mulwa, hili limenywea."

"Mbao hunywea, mwaitu."

"Hukuacha nyama."

"Daktari alitaka kipimo sawasawa, nikampa sawasawa. Si wewe mwenyewe ulipima?" Hakuinua macho. Chembe za mbao ziliruka miguuni mwa mama yake.

"Atafungika mdomo maisha yake yote."

"Kuna wanawake wengi hiyo ingewasaidia." Alicheka peke yake, kisha kicheko kikakatika. "Sasa unataka nini? Aongee, nifungwe miaka saba? Nani atakulisha, yeye? Yeye atarudi kwao, na wewe utabaki ukipiga msasa mawe."

"Chonga lingine. Mti mkavu."

"Sina mti mkavu."

"Chonga hilo hilo bichi, uache nyama. Siku bado ziko."

Mulwa alilinyakua lile taya kutoka mikononi mwake, akaliweka juu ya gogo la kuchongea, akalipiga pigo moja. Liligawanyika kidevuni. Alizichukua zile nusu mbili, akamtupia mama yake kifuani, moja, halafu nyingine. "Mpelekee daktari." Syokau aliposogea kuziokota, Mulwa alimsukuma kwa mguu, naye akaanguka juu ya mabaki ya mbao, mahali pale pale alipolala Ndinda, mkono ukagonga jiwe na kitu kikalia ndani ya kiganja.

Mulwa alikuwa juu yake, tezo limeinuliwa, kisigino mbele. Syokau aliona pembe zake zote nne.

"Piga," alisema. "Piga, mwanangu. Nitawaambia ni punda."

Tezo lilibaki juu. Lilikaa huko muda mrefu kiasi cha kuku kupita kati yao akidonoa. Kisha Mulwa aligeuka, akampiga twiga shingoni, kichwa kikarukia uani.

Syokau aliinuka. Aliingia nyumbani, akatoka na vitu viwili: shoka, na kiti cha miguu mitatu cha marehemu mumewe. Kilikuwa kiti cha mti mmoja, kimechongwa mwaka wa njaa kabla ya uhuru, kikavu kama mfupa. Hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia. Tangu mzee azikwe kilikuwa kimetundikwa ukutani, na Mulwa ndiye aliyekuwa akingoja umri wa kukishusha.

"Mwaitu! Hicho ni kiti cha baba!"

"Ninakijua. Alikuwa anakikalia akivua mshipi." Alikilaza juu ya gogo. "Mshipi huo wa kunipiga mimi, wewe ukiwa unatazama. Leo kitafanya kazi nyingine."

Alipiga kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine ulikuwa umeanza kuvimba. Alipiga mara tatu, nne, na kila mara kiti kililia kama mnyama. Mulwa alipiga hatua moja mbele. Mama yake aliligeuza shoka upande wake, makali si kisigino, akangoja. Mwanamume yule akarudi nyuma mpaka ukutani. Pigo la sita kiti kikapasuka.

Mzee Kitonyi, jirani wa upande wa chini, alikuwa na mikono ya kutetemeka na matezo mazuri. Aliigeuzageuza ile nusu ya kiti.

"Mti huu utanivunjia chuma, Syokau."

"Kivunjike."

Hakuuliza mti umetoka wapi. Alianza kukata, na baada ya muda akasema bila kumtazama, "Siku ile nilisikia mlio mpaka hapa kwangu. Nikafikiri ni muhugu umepasuka."

"Ulifikiri?"

Kitonyi aliacha kukata. "Hapana," alisema.

Alilichonga siku tano, akavunja tezo moja. Pale mikono yake iliposhindwa kutulia, Syokau alimalizia, taya limebanwa kati ya magoti, mkono mmoja umefungwa kitambaa, mwingine una msasa, spoki tatu ziko mdomoni kama sindano za mshonaji. Halikuwa zuri kama la kwanza. Lilikuwa na rangi mbili, na kwenye bawaba moja palionekana bado weusi wa pale marehemu mumewe alipokuwa akikalia. Lakini alipima siku hiyo, akapima baada ya siku tatu, na baada ya sita, na spoki ndefu haikutokeza.

Daktari Zuleha alilipima kwa chuma chake mwenyewe, mara mbili. Akaligonga kwa ukucha.

"Mti huu ni wa siku nyingi."

"Ni wa nyumbani," Syokau alisema.

"Na mkono huo?"

Syokau aliuficha chini ya leso.

Upasuaji ulichukua masaa sita. Ndinda alitolewa akiwa na bandeji mbili, moja usoni na moja nyongani, uso umevimba mpaka macho yamepotea. Usiku wa kwanza alitapika damu iliyomezwa, ikapita katikati ya waya, na Syokau akamshika kichwa na kuifuta kwa pamba, jino baada ya jino, mpaka kukapambazuka. Mmoja hakuweza kuongea, na mwingine alikuwa akitafuta pa kuanzia. Mulwa hakuja. Kalekye alileta habari kwamba ameuza matezo yake mawili, anashinda kwenye pombe, na kila anayemkuta humwambia kwamba hakupiga kwa makali.

Wiki ya saba daktari alikata waya. Askari alikuwepo, amevuta kiti kile kile, daftari juu ya goti. Syokau alikuwa kwenye benchi miguuni mwa kitanda, amepakata taya la plastiki alilokuwa amekuja kulirudisha.

"Fungua polepole," daktari alisema. "Hivyo. Hivyo, mama. Usiogope."

Mdomo wa Ndinda ulifunguka. Upana wa kidole kimoja, halafu viwili. Ulifunguka wima, haukwenda upande. Daktari aliweka kidole chini ya kidevu, akakipitisha kushoto kwenye mfupa mpya, na kwa mara ya kwanza Syokau alimwona akicheka.

"Haya," askari alisema, akafungua kalamu. "Sasa uko na maneno. Nani alikupiga?"

Ndinda alimeza mate. Alijaribu midomo kama mtu anayejaribu viatu. Hakumtazama askari. Alimtazama mama mkwe wake, kwa macho yale yale ya siku ya kikombe cha uji, na sauti ikatoka nzito, pembe zake zimekwaruzika, lakini kila neno lilisikika.

"Mwaitu," alisema. "Wewe hukuvunjwa taya. Anza wewe."

Askari aligeuka kwenye kiti. Daktari naye aligeuka. Taya la plastiki lilimponyoka Syokau, likaanguka sakafuni na kugonga mguu wa kitanda, naye hakuinama kuliokota.

"Andika," alimwambia askari. "Kwanza, sisi hatuna punda. Hatujawahi kuwa na punda."